Bei Iliyotembea kwa Miguu

Zamani zabuni ya serikali ilikuwa kitu cha kubebwa. Bahasha mbili za kaki, moja imeandikwa "Halisi" na nyingine "Nakala", zinafungwa kwa lakiri na kugongwa mhuri wa kampuni, kisha zote mbili zinatiwa ndani ya bahasha ya tatu isiyoonyesha jina la aliyezileta. Aliyekabidhiwa hakuziachia. Kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam, kwa treni ya Reli ya Kati au kwa basi, alikula nazo na kulala nazo. Akifika, kazi yake ilikuwa moja tu: kuzitumbukiza kwenye sanduku la zabuni kabla ya saa iliyotangazwa gazetini. Ukichelewa, hata kwa dakika chache, bahasha yako inarudishwa bila kufunguliwa, na hesabu mliyoikeshea inabaki karatasi.

Kisha ulikuja ufunguzi. Wazabuni wote wakae ukumbini, katibu wa bodi ya zabuni akate lakiri mbele yao, asome jina la kampuni, asome bei, aseme kama dhamana ya benki imo au haimo. Kila mtu alikuwa na daftari. Bei za wenzako ulizisikia kwa masikio yako, na kabla hujatoka mlangoni ulikwisha kujua nani kapiga hesabu na nani kabahatisha. Niliingia kwenye kazi ya ukadiriaji majenzi Kanda ya Ziwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, na sehemu kubwa ya nilichojifunza kuhusu soko la ujenzi nilikipata katika kumbi zile, nikilinganisha namba iliyosomwa na namba niliyoiandika mwenyewe.

Leo hakuna bahasha. Tangu Oktoba 2023 taasisi za umma Tanzania zinatakiwa kufanya ununuzi wao wote kupitia NeST, mfumo wa kielektroniki uliochukua nafasi ya mfumo wa awali, TANePS. Mzabuni anajaza bei kwenye kompyuta, mfumo unazifunga hadi saa ya ufunguzi, na ikifika zinajifunguka bila mkono wa mtu. Nililiombea jambo hili kwa miaka mingi, na lilipokuja nilifurahi kweli. Hata hivyo kila ninapokaa na vijana wanaofanya sasa kazi niliyoifanya mimi, roho inasononeka. Tumetumia miaka thelathini kuurekebisha mlango ambao bei inapitia. Bei yenyewe tumeiacha yatima.

Nieleze bei ilivyokuwa ikitengenezwa.

Mwajiri, yaani wizara au halmashauri, hutoa orodha ya kazi na vipimo, ile ambayo kila mtu saiti anaiita BOQ. Humo kila kazi ina mstari wake: kuchimba msingi, mita za ujazo kadhaa, kumwaga zege, mita kadhaa, kufunga nondo, kilo kadhaa, kupiga lipu, mita za mraba kadhaa. Vipimo vinawekwa na mwajiri. Mkandarasi anaandika reti, bei ya kipimo kimoja, kisha anazidisha na kujumlisha. Kwa mtazamaji wa nje inaonekana ni kazi ya kikokotoo. Lakini reti moja ni mkusanyiko wa mambo mengi: vifaa, vibarua na mafundi, mitambo, mafuta, upotevu, gharama za ofisi, hatari, na mwisho kabisa faida.

Chukua mita moja ya ujazo ya zege la uwiano wa moja kwa mbili kwa nne. Inakula mifuko sita ya saruji na zaidi kidogo, mchanga karibu nusu mita ya ujazo, na kokoto karibu mita nzima. Hilo limo vitabuni na kila mwanafunzi analijua. Ambalo halimo vitabuni ni kwamba mfuko ule, katika miaka ninayoisema, ulitoka kiwanda cha Wazo au cha Tanga, ukafika kwetu kwa reli. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilipoikata reli, reti ya zege iliyoandikwa mwezi Agosti haikuwa na maana tena mwezi Januari. Mkadiriaji aliyewahi kuiona njia ile ya reli kati ya Gulwe na Kidete wakati wa masika alikuwa ameshajiwekea akiba kidogo katika hesabu yake. Asiyeiona aliandika bei ya duka la mjini, akashinda zabuni, akalia.

Nililelewa kazini na mzee mmoja aliyekuwa mpimaji wa kampuni yetu tangu enzi za mashirika ya umma. Hakukubali kuandika reti ya mahali asipopakanyaga. Tangazo la zabuni likitoka, kitu cha kwanza alichouliza kilikuwa gari la kwenda kuona eneo. Tukifika kijijini hakuanza na ramani. Alikwenda kusalimia wazee, akakaa, akauliza: maji ya kuchanganyia zege yanapatikana wapi kiangazi? Mto huu ukifurika unafika wapi? Fundi mwashi hapa analipwa nini kwa siku, na msimu wa kuvuna pamba vibarua wanapatikana? "Mwanangu," aliniambia, "mezani tunajumlisha tu. Bei tunaifuata huku." Nilikuwa namwitikia, "Ndiyo, mzee," huku nikiandika, na viatu vyangu vimejaa tope.

Aliniambia nisiamini neno "udongo" katika BOQ hadi niuone. Ukanda wa Shinyanga na sehemu za Mwanza una udongo mweusi wa mbuga, unaopasuka kiangazi hadi mguu unaweza kuzama katika ufa, na masika unavimba na kunata magurudumuni. Msingi haukai juu yake. Unaondolewa, unaletwa kifusi kingine kutoka mbali, kinashindiliwa tabaka kwa tabaka. Mstari mmoja wa "kuchimba udongo wa kawaida" unaweza kumeza faida ya jengo zima iwapo udongo wenyewe si wa kawaida.

Barabara za changarawe zilikuwa na somo lake. Mita 1,000 za ujazo zilizoshindiliwa barabarani zinahitaji takriban mita 1,300 ndani ya tipa, kwa sababu moramu, yaani changarawe yenyewe, ikichimbwa inafumuka. Mgeni wa kazi anasahau tofauti hiyo, na tayari amepoteza karibu robo ya gharama ya usafirishaji. Halafu kuna umbali. Machimbo yakiwa kilomita tatu kutoka barabarani, tipa moja inapiga safari nyingi kwa siku. Yakiwa kilomita kumi na mbili, mafuta yanapanda na safari zinapungua. Reti ya changarawe kwa hakika ni reti ya safari. Mzee wetu alikuwa na madaftari ya mistari ya buluu aliyoandika mambo hayo wilaya kwa wilaya: moramu nzuri iko wapi, mwashi wa huku anajenga tofali ngapi kwa siku, boza la maji linapata wapi maji mwezi wa tisa. Alipostaafu madaftari yale yalibaki kabatini. Kampuni ilipohama ofisi hayakuonekana tena. Kila nikikumbuka naona tumepoteza mali kubwa kuliko greda.

Sitaki kupamba siku zile. Zilikuwa na uoza, na uoza ule ulikuwa mzito. Mwaka 1996 Tume ya Jaji Joseph Warioba, iliyoundwa na Rais Benjamin Mkapa kuchunguza rushwa, ilitaja wazi kwamba zabuni na mikataba ya ujenzi ni miongoni mwa mashimo makubwa ya fedha za umma. Sisi tuliokuwa kwenye kazi hatukushangaa. Kulikuwa na makisio ya mhandisi, gharama ambayo mwajiri anaikadiria mapema na kuitunza kwa siri, na kulikuwa na watu waliopata siri hiyo kabla ya wengine. Aliyejua makisio hakuhitaji kupima udongo. Aliandika bei iliyo chini kidogo ya namba ile, akatulia.

Tena zilikuwepo simu za usiku. Kampuni tano zinajuana, kazi ni moja, wanakubaliana safari hii ni zamu ya nani. Wanne wanaobaki wanaombwa kupeleka bei za kusindikiza, yaani bei za juu zilizoandikwa ili mmoja aonekane ameshindana. Ukumbini zote zinasomwa kwa sauti na zote zinaonekana za haki. Lakini aliyepita saiti, akiziona orodha za reti zao, aliyatambua mapatano kirahisi: reti za kampuni nne zinatofautiana kwa kiwango kilekile kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho, jambo lisilowezekana kwa watu waliokadiria kila mmoja chumbani kwake. Anayelipia mapatano hayo ni mwananchi, kwa zahanati iliyojengwa kwa bei ya zahanati mbili.

Marekebisho yakaja, moja baada ya jingine. Sheria ya Usajili wa Makandarasi ya mwaka 1997 ilianzisha Bodi ya Usajili wa Makandarasi, CRB, na makandarasi wakapangwa kuanzia daraja la kwanza hadi la saba, kila daraja chini ya la kwanza na ukomo wa kazi zake. Mwaka 2000 ilianza TANROADS, wakala wa barabara. Mwaka 2001 tukapata Sheria ya Ununuzi wa Umma. Nyingine ikafuata mwaka 2004, iliyoleta PPRA, mamlaka ya kusimamia ununuzi, huku mamlaka ya rufani ikimsikiliza mzabuni aliyedhulumiwa. Nyingine mwaka 2011. Na ya sasa mwaka 2023. Kila sheria ilifunga mwanya fulani. Mzabuni alipata haki ya kujua kwa nini ameshindwa. Alipata muda wa kupinga kabla mkataba haujasainiwa. Mimi nimeona kampuni ndogo isiyo na mjomba serikalini ikishinda kazi kwa hesabu yake tu, na nimeona jambo hilo likizoeleka. Siwezi kulidharau.

Kompyuta nazo zimeondoa maumivu ambayo vijana wa leo hawayajui. Katika zabuni za karatasi kulikuwa na kanuni ya kusahihisha hesabu, na bado ipo: reti na jumla zikipingana, kwa kawaida reti ndiyo inayoshika, tarakimu na maneno yakipingana, maneno ndiyo yanayoshika. Nilishuhudia kampuni moja ya jirani ikiandika Sh 4,500 mahali pa Sh 45,000 kwenye mstari wa zege, huku jumla ya mstari ikiwa sahihi. Kamati ikasahihisha kwa kufuata reti. Bei ikaporomoka, wakawa wa chini kuliko wote, na wakabaki na njia mbili: wakubali kujenga kwa hasara au wakatae na kupoteza dhamana yao benki. Walikataa, dhamana ikachukuliwa. Sasa mfumo unazidisha wenyewe, na sifuri iliyopotea haiwezi tena kujificha nyuma ya jumla iliyo sahihi.

Basi kipi kimepotea?

Kwanza, kutembea. Ziara ya kuona eneo bado imo kwenye nyaraka, lakini mahali pengi imekuwa fomu ya kusainiwa. Kijana anatazama picha ya setilaiti, anafungua faili la zabuni iliyopita, ananakili reti zote, anaongeza asilimia kadhaa, anatuma. Reti ya Kahama inakwenda Ukerewe, kisiwani, ambako kila mfuko wa saruji lazima uvuke maji kwa kivuko. Nimeona reti ya kuchimba msingi ikiwa sawa kwa mradi wa mchangani na mradi wa Mwanza mjini, mji uliokaa juu ya mawe ya matale. Kompyuta haikukosea chochote; ilizidisha kilichoandikwa. Zamani tulikuwa na makosa ya kujumlisha na maarifa ya mahali. Leo kujumlisha ni sahihi kabisa, mahali hapajulikani.

Mwamba una kisa chake katika ukadiriaji. Katika BOQ huwekwa mstari wa kuchimba mwamba, mara nyingi kwa kipimo kidogo cha kubuni, kwa kuwa aliyeandaa orodha hakuchimba hata shimo la majaribio. Mkadiriaji aliyetembea anaona majabali yamechomoza nyuma ya shamba, anajua kipimo kile kitaongezeka mara nyingi kazi ikianza. Anaandika reti kubwa kwenye mwamba, anapunguza kidogo mahali pengine, na jumla yake inabaki chini ya wenzake. Kazi ikianza, mwamba unatokea, vipimo vinapanda, naye analipwa kwa reti ile kubwa. Mbinu ya namna hiyo ipo nchi nyingi zinazotumia BOQ. Huambatana na nyingine: kupandisha reti za kazi za mwanzo, kama kusafisha eneo na kuchimba, na kushusha za mwishoni, kama rangi na vigae, ili fedha ziingie mapema.

Mzee wetu aliijua mbinu ya mwamba na hakuipenda. Yeye aliandika barua ya swali kwa mwajiri ndani ya muda unaoruhusiwa, na kwa kanuni jibu hupelekwa kwa wazabuni wote bila kumtaja aliyeuliza. Aliona kwamba ukishinda kwa kuficha kosa la mwajiri, mradi unaanza na ugomvi na unaisha na ugomvi. Leo kuuliza ni rahisi kuliko wakati wowote, ni kuandika kwenye mfumo tu. Lakini maswali mengi ninayoonyeshwa yanahusu vyeti, tarehe na namna ya kupakia nyaraka. Ya udongo ni haba.

Pili, tumepoteza hofu ya kushinda. Labda linasikika jambo la ajabu, lakini lilikuwa muhimu. Baada ya bei kusomwa, ukikuta wewe ni wa chini kwa tofauti kubwa, hukushangilia. Ulirudi kwenye hesabu yako kutafuta ulichosahau. Mwaka 1971 wahandisi watatu wa mafuta wa Marekani, Capen, Clapp na Campbell, waliandika juu ya jambo hilihili katika minada ya vitalu vya mafuta: watu wengi wakikadiria thamani ya kitu kimoja, wastani wao unaweza kuwa karibu na ukweli, ila anayeshinda mnada ni yule aliyekosea zaidi kwa kuzidisha matumaini. Paul Milgrom na Robert Wilson, waliopata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2020, walilijengea jambo hilo nadharia nzima. Katika ujenzi mambo yamegeuzwa tu: anayeshinda ni aliyekadiria gharama ndogo kuliko wote, na washindani wakiwa wengi, uwezekano wa mshindi kuwa ndiye aliyesahau kitu unakuwa mkubwa zaidi. Mkadiriaji mwenye busara huongeza tahadhari kadiri washindani wanavyoongezeka. Vijana wetu wanafanya kinyume: wakisikia kampuni thelathini zimeomba, wanakata bei.

Siwalaumu peke yao. Kampuni ya daraja la sita au la saba inaweza kukaa miezi mingi bila kazi. Kwa miaka kadhaa shule, vituo vya afya na nyumba za watumishi zilijengwa kwa fosi akaunti, halmashauri zikinunua vifaa na kuajiri mafundi wao. Madarasa mengi yalipatikana kwa bei nafuu, watoto wakaingia, nami nikafurahi kwa ajili yao. Lakini kazi zile ndizo zilizokuwa shule ya makandarasi wadogo. Kampuni ilijifunza kukadiria kwa kujenga zahanati, ikafilisika kidogo au ikafanikiwa kidogo, ikaendelea kwenye shule ya sekondari, kisha daraja. Ngazi za chini zilipoondolewa, waliobaki waligombea kazi chache kwa bei ambayo haiwezi kujenga kitu.

Bei hiyo inalipwa na nani? Inalipwa na jengo. Hakuna mkandarasi anayejenga kwa hasara hadi mwisho kwa moyo wa kujitolea. Reti ya zege ikiwa ndogo, mfuko wa saruji unapungua kwenye mchanganyiko. Reti ya kushindilia ikiwa ndogo, boza la maji haliji na mtambo wa kushindilia unapita mara mbili mahali pa mara nane. Unaona barabara imenyooka siku ya makabidhiano, na masika mawili baadaye imekuwa mashimo. Nyaraka za kawaida za zabuni zinaipa taasisi nafasi ya kumwita mzabuni mwenye bei isiyo ya kawaida aeleze, mstari kwa mstari, reti zake amezijengaje, na hata kumwongezea dhamana ya utekelezaji. Kipengele hicho hakitumiki inavyopaswa. Afisa ununuzi anaogopa: akimkataa wa chini, mkaguzi atamuuliza kwa nini ameipotezea serikali fedha. Mkaguzi anaona tofauti ya bei mbili kwenye karatasi. Kalavati litakalobomoka halimo kwenye karatasi hiyo.

Nikilinganisha zamani na sasa, lipo jambo moja ambalo halikubadilika kabisa, nalo ndilo linalonisikitisha kuliko yote: malipo ya kuchelewa. Tulisaini vyeti vya malipo miaka ya 1990 tukangoja, na leo wanasaini, wanangoja. Ni jambo la ukadiriaji moja kwa moja, si la uhasibu. Tuseme mkandarasi amekopa benki kwa riba ya asilimia 16 kwa mwaka, na cheti chake kimechelewa miezi sita. Riba ya fedha ile ni asilimia 8. Ikiwa aliweka faida ya asilimia 10, imebaki 2, na bado hajalipa tairi la tipa lililopasuka. Mwenye akili anaiweka riba hiyo ndani ya reti tangu mwanzo, kwa hiyo serikali inalipa ghali kwa sababu inajulikana kuchelewa. Asiyeiweka anashinda kwa bei ya chini, kisha anafilisika, vibarua wake wanakaa mlangoni kwake, na kazi inatangazwa upya kwa bei ya juu zaidi. Kwa njia yoyote ile umma unalipa ucheleweshaji huo. Sheria za ununuzi zimeandikwa na kuandikwa upya, na hakuna iliyoweza kuilazimisha hazina kulipa kwa tarehe.

Nimewahi kwenda kumwona mkandarasi tuliyefanya naye kazi, mtu mwaminifu aliyekuwa na greda mbili na tipa kadhaa. Aliziuza kulipa benki huku serikali ikiwa na deni lake. Kijana wake alikuwa amesomea uhandisi. Nilimwuliza kama ataiendeleza kampuni ya baba. Akaniambia, "Hapana, mzee. Nimeomba ajira serikalini, huko mshahara unaingia kwa tarehe." Sikuwa na neno la kumpinga.

Na haya yanatokea wakati ambapo mlango umefunguliwa kuliko wakati wowote. Chini ya sheria ya mwaka 2023 na kanuni zake, ukomo wa kazi za ujenzi zinazotengwa kwa makandarasi wazawa umepandishwa kutoka Sh bilioni 10 hadi bilioni 50. Miaka ile tukiona kampuni za nje zikichukua barabara zote kubwa, tusingethubutu hata kuota namba hiyo. Lakini kazi ya bilioni 50 ikikadiriwa kwa reti za kunakili, itaangusha kampuni kumi kwa mpigo, na watakaosema Watanzania hawawezi hawatauliza bei ilitengenezwaje.

Ninayoomba si makubwa. Ziara ya kuona eneo ifanywe kweli, na msimamizi wa mradi awepo kuonyesha machimbo, maji na mwamba. Mwajiri achimbe mashimo ya majaribio kabla hajaandika vipimo, kwa sababu kosa lake la milioni chache linaleta mabishano ya mamia ya milioni. Baraza la Taifa la Ujenzi, ambalo tayari hutoa viashiria vya mabadiliko ya bei za vifaa kwa ajili ya mikataba, lipewe fedha za kukusanya pia maarifa ya tija wilaya kwa wilaya: fundi anajenga nini kwa siku, tipa inapiga safari ngapi, moramu iko wapi. NeST ina reti za nchi nzima ndani yake, zote halali, zote zimeandikwa na watu. Zichambuliwe ili afisa wa halmashauri ajue bei ipi haiwezi kujenga, na ili bei za kusindikiza zionekane kwa hesabu, kwa kuwa kompyuta inaona haraka kuliko sisi tulivyoona kwa daftari. Kijana anayeanza kazi asipewe kompyuta peke yake. Apewe na gari, na mtu mzima wa kwenda naye.

Na serikali ilipe kwa tarehe. Hilo likifanyika, nusu ya hila ninazozikumbuka zitakosa sababu: hakuna atakayehitaji kupandisha reti za mwanzo ili apate fedha mapema, wala kuficha riba ndani ya zege. Mkandarasi anapoandika bei anatoa ahadi kwamba kwa fedha hizi atasimamisha kitu hiki mahali hapa. Tumeweka sheria nyingi za kumbana yeye atimize ahadi yake. Imebaki zamu ya anayelipa.